Nuru Ipoteayo Ndani ya Darubini Rahisi

Mtazamaji wa ndege hadai makubwa kwa darubini yake. Hadai kuona nyota wala milima ya ng'ambo, bali hudai jambo moja ambalo kwa hakika ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kupambanua kitu kidogo na kitu kidogo kilichofanana nacho. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, maji yakupwapo katika miezi ya kaskazi, matope hujaa vitwitwi waliotoka Asia, na miongoni mwao mna namna mbili zilizovaa rangi moja ya udongo mgongoni na weupe tumboni, ambazo hupambanuliwa hasa kwa urefu wa mdomo na wa miguu, na tofauti yenyewe ni ya milimita chache tu. Darubini ifichayo milimita hizo, hata imlete ndege karibu namna gani, haijamfaa mwenye kuishika.

Sisemi kwamba kila cha bei ndogo ni kibaya, maana ziko darubini za bei ya kiasi zilizotengenezwa kwa uaminifu. Nisemalo ni kwamba fedha ikipungua kiwandani ni lazima kazi ipunguzwe mahali, na aghalabu hupunguzwa pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki, kisha akiba iliyopatikana ikatumika kupamba pale linapofika: mpira mzito wa nje, vioo vyekundu ving'aavyo, na tarakimu kubwa.

Natuanze na tarakimu, kwa kuwa ndizo zisomwazo kwanza. Darubini iliyoandikwa 8x42 hukuza mara 8, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Ukiigawa tarakimu ya pili kwa ya kwanza utapata upana wa duara la nuru litokalo upande wa jicho, yaani milimita 5 na robo. Hesabu hii fupi ni hakimu mwadilifu. Ishike darubini mbali na uso, uielekeze kwenye mbingu nyeupe lakini si kwenye jua, ulione lile duara dogo linalong'aa katikati ya kioo cha jichoni, kisha ulipime kwa rula. Darubini ya mfukoni iliyopigwa chapa 30x60 ingepaswa kutoa duara la milimita 2; ukikuta ni la milimita 3, na kioo cha mbele ni cha milimita 25 tu, basi umekwisha kujua kwamba ukuzaji wake ni wa mara 8 na kidogo, na kwamba 30 na 60 ni mapambo.

Iko pia hila ya pili, yenye siri zaidi. Chapa ni 10x50, ukuzaji ni wa mara 10 kweli, kioo cha mbele ni cha milimita 50 kweli, lakini duara ni la milimita 4 badala ya 5, kwa sababu ndani ya bomba imewekwa pete iliyoziba ukingo wa kioo. Fundi hakuiweka kwa uovu mtupu: lenzi iliyosuguliwa kwa haraka huharibu sura zaidi pembezoni mwake, na kuziziba pembezo hizo ni kazi nyepesi kuliko kuzisugua ipasavyo. Sura hupata ukali kidogo, na mnunuzi hupoteza zaidi ya thuluthi ya nuru aliyoilipia.

Hata ile nuru iliyoingia haifiki yote. Nuru ivukapo kutoka hewani kuingia kiooni, au kutoka kiooni kurudi hewani, hutozwa ushuru wa kiasi cha asilimia 4, na darubini ya kawaida ina mipaka kama 10 ya namna hiyo katika kila bomba, hivyo basi, ikiwa vioo havikupakwa kitu, thuluthi nzima hurudishwa njiani. Tena hairudishwi ikatoweka; huzungukazunguka bombani na kumwagika juu ya sura, weusi ukawa kijivu na mstari wa jicho la kitwitwi ukafifia. Dawa ya maradhi haya ilipatikana mwaka 1935, pale Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alipobuni utando mwembamba mno wa kupakwa juu ya kioo ili kupunguza mrejeo huo. Kiwanda kinachobana matumizi hupaka vioo vya nje vinavyoonekana, kikaviacha vya ndani vitupu. Inamisha darubini chini ya taa uhesabu taswira za taa zinazorudi kutoka ndani: iliyo ya zambarau au kijani imetoka kwenye kioo kilichopakwa, na iliyo nyeupe kama taa yenyewe imetoka kwenye kioo kitupu. Ama vile vioo vyekundu vinavyosifiwa sana sokoni, wekundu ule ni nuru nyekundu iliyofukuzwa mlangoni, na keremkerem mwekundu atazamwaye kwa nuru iliyosalia hunyang'anywa ile rangi aliyofuatwa kwa ajili yake.

Kiini cha darubini, hata hivyo, ni prizimu, yaani vile vipande vya kioo vyenye pembe ambavyo huipindua sura isimame wima. Mpango wa kwanza ulibuniwa na Ignazio Porro wa Italia katika mwaka 1854, na Ernst Abbe na wenzake wa Zeiss wakautia katika darubini zilizouzwa tangu 1894. Ndizo zile zenye mabega mapana. Humo nuru hupiga uso wa prizimu kwa pembe ya digrii 45, ikarudi yote bila kuhitaji kioo cha kujitazamia. Lakini kioo cha aina hafifu, kiitwacho BK7, huanza kuvujisha nuru pembe inapopungua chini ya digrii 41 hivi, ilhali BaK4 huistahimili mpaka chini ya digrii 40 kidogo. Tofauti ni ya digrii moja na nusu, nayo hudhihirika wazi katika lile duara tulilolipima: kwa kioo hafifu halitimii, bali huwa mraba wenye vivuli vya kijivu pembeni.

Mpango wa pili, wa prizimu za paa, ndio uliozaa darubini nyembamba za mabomba yaliyonyooka, ambazo leo kila mtu huzitamani. Hapa ndipo mnunuzi wa fedha chache anapopotea zaidi. Nuru hugawanywa nusu mbili na ukingo wa paa, na ukingo huo ukikosewa kwa pembe ndogo mno, nusu hizo haziungani tena barabara. Na hata ukisuguliwa bila ila, mawimbi ya nusu hizo hutoka yamepishana, michirizi myembamba ya manyoya ikalainika. Utando wa kurekebisha mpishano huo ulitiwa na Zeiss katika darubini zake mwaka 1988. Prizimu ya Porro haihitaji lolote katika hayo, na kwa hiyo, kwa bei moja iliyo ndogo, yenye mabega mapana huishinda iliyonyooka karibu kila mara.

Ukanda wa zambarau na kijani uonekanao ukingoni mwa yangeyange mweupe mbele ya mikoko yenye giza hutokana na lenzi kutozikutanisha rangi zote mahali pamoja. John Dollond wa London alipewa hataza ya lenzi ya vioo viwili vyenye kusahihishana mwaka 1758, na auzaye leo darubini isiyo nayo ameuza mchezo wa watoto. Ukungu wa pembezoni mwa sura mimi huusamehe, kwani ndege huwekwa katikati.

Nisilosamehe ni mabomba mawili yasiyotazama mahali pamoja. Prizimu iliyoshikizwa kwa tone la gundi husogea kwa pigo dogo la safarini, na tangu hapo jicho moja huona juu kuliko la pili. Macho yaweza kuvumilia upotofu wa kulia na kushoto, lakini hayakuumbwa moja kupanda na jingine kushuka; hujilazimisha, sura ikaungana, na baada ya saa moja kichwa huuma bila mwenyewe kujua kisa. Tazama waya wa umeme uliolala, kisha uondoe darubini usoni polepole mpaka sura zitengane: waya mmoja ukikaa juu ya mwenziwe, usiinunue kwa bei yoyote.

Mwenye fedha haba na atafute ya Porro, 8x30 au 8x40, isiyo na mtambo wa kubadili ukuzaji, na aliye pwani achungulie ndani kama hakuna ukungu, maana katika unyevu wa huku bomba lisilozibwa huota kuvu juu ya prizimu. Aende na rula dukani, aombe atoke na darubini barazani, na muuzaji akimkatalia, aende duka jingine.