Kitenzi cha Ukurasa wa Mbele

Ijumaa ya Desemba 20, 2013, Bunge likiwa Dodoma, nchi nzima ilikuwa na habari moja. Kamati ya Bunge ilikuwa imewasilisha ripoti ya mateso waliyoyapata wananchi katika Operesheni Tokomeza, ile iliyoanzishwa kuwasaka majangili, na hadi usiku mawaziri wanne walikuwa hawana kazi. Balozi Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii alisimama mwenyewe ndani ya ukumbi akatangaza kujiuzulu. Waziri Mkuu Mizengo Pinda naye akasimama, akalieleza Bunge kwamba Rais Jakaya Kikwete ametengua uteuzi. Waliokwenda na maji, pamoja na Kagasheki, ni Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David wa Mifugo.

Sasa kaa kwenye kiti cha mhariri msanifu usiku ule. Mtambo unasubiri, gari la mikoani linasubiri, na una nafasi ya maneno matatu kwa herufi kubwa. Ukiandika "wajiuzulu", umewapa watu heshima ambayo hawakuichukua. Ukiandika "wafukuzwa", Kagasheki atauliza kesho yake asubuhi: kwani hamkunisikia? Kiswahili kina jibu, ila lazima uwe unalijua. Mawaziri wanne wang'oka. Kung'oka hakuulizi nani kavuta. Aliyejitoa kang'oka, aliyetolewa kang'oka, na msomaji anayetaka kujua tofauti ataikuta aya ya pili, mahali pake. Neno moja limemaliza ugomvi bila kusema uongo kwa yeyote.

Mtu anayefanya kazi hiyo hatumjui. Habari ina jina la mwandishi, picha ina jina la mpiga picha, safu ina mpaka sura ya mwenyewe akitabasamu. Kichwa cha habari hakina mwenyewe. Ni kama jina la kanga: maneno machache, herufi kubwa, hayana sahihi, na anayelengwa hujijua.

Tazama kwanza vifaa vyake. Kuna ule wakati wa -a- ambao mitaani hatuutumii sana. Hakuna anayerudi nyumbani akasema "Baba Rehema afunga duka". Atasema amefunga, au anafunga. Gazetini lakini Rais aagiza, Bunge lapitisha, polisi wakamata, wakulima walia. "Wamekamatwa" ina herufi kumi na moja, "wakamatwa" tisa, na kwenye safu nyembamba herufi mbili ni mali. Si nafasi tu inayookolewa. Wakati huu hausemi jana wala leo. Jambo limetendeka na bado linatendeka, na gazeti linalosomwa Dar es Salaam alfajiri na kufika wilayani mchana halichachi njiani.

Kisha kuna viambishi. Andika "Marekani yaiwekea Iran vikwazo", halafu kiangalie kile kitenzi peke yake. Yaiwekea: ndani ya neno moja zimo nchi mbili, mwenye fimbo na mwenye kuchapwa. Lugha nyingine ingehitaji kupanga majina na vihusishi vyake ndipo ieleweke nani kamfanya nani nini. Msanifu wa Kiswahili anaweza hata kuliondoa jina la pili ikiwa jana yake ndilo lililokuwa ukurasani, na msomaji asipotee.

Tatizo lake ni urefu. Maneno yetu ni marefu na vyeo vyetu ni virefu zaidi. Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki hatoshi popote. Ndiyo maana magazeti ya Tanzania yalimfanya Kikwete kuwa JK na Magufuli kuwa JPM, Dar es Salaam ikawa Dar, Zanzibar ikapewa kikato chake, Z'bar. Samia alipoingia Ikulu mwaka 2021, wasanifu nadhani walishukuru kimyakimya: herufi tano, hazihitaji kufupishwa.

Ufundi huu hupimwa zaidi habari inapovuka mpaka. Mambo ya ndani, hata yakikaribia kutugawa, tunayajua wenyewe na tunaweza kuyasahihisha kijiweni. Ya nchi ya nje msomaji hana pa kuyahakiki, na jirani naye anasoma. Anasoma lugha ileile. Ni jambo linalosahaulika: kichwa cha habari cha Dar kinaeleweka Mombasa bila mkalimani, na cha Taifa Leo la Nairobi kinaeleweka Arusha. Serikali nyingi duniani zinagombana na majirani huku magazeti yao yakiwa yamefichana nyuma ya lugha mbili. Sisi tunasikiana ukuta kwa ukuta.

Chukua mahindi. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kuzuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania, kwa maelezo kwamba yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yakakwama mipakani. Jaribu kukiandika kichwa chake, kama anayekaa upande wa Tanzania.

"Kenya yazuia mahindi ya Tanzania." Ni kweli, kimenyooka, mtendaji yuko mbele. "Mahindi ya Tanzania yazuiwa Kenya." Maneno yaleyale karibu, ila sasa aliye mbele ni mahindi, na anayesoma anauliza kwanza mahindi yana nini kabla ya kuuliza Kenya ina nini. "Sumukuvu yakwamisha mahindi mpakani." Hapo hakuna mkosaji isipokuwa ukungu, balozi yeyote angekipenda, mkulima wa Songea pengine asingekipenda. "Kenya yagomea mahindi yetu." Neno la mwisho limegeuza gazeti kuwa bendera.

Na bado, ukikiacha cha sumukuvu, vyote vina kasoro moja, kwamba Uganda haimo. Barua ilitaja nchi mbili, kichwa kimebakiza moja kwa sababu ya nafasi na kwa sababu msomaji ni Mtanzania, na papo hapo uamuzi unaozihusu nchi tatu umekuwa ugomvi wa wawili. Msanifu aliyekomaa anaiona hatari hiyo. Anarudi kwenye kitenzi chake cha kwanza, anabadilisha neno la mwisho: "Kenya yazuia mahindi ya majirani." Herufi zinakaribiana, uzani umebadilika kabisa. Uganda imerudi ndani bila kutajwa, na neno "majirani" linamkumbusha kila mtu kwamba watu hawa wataendelea kuishi pamoja. Ndani ya siku chache zuio lililegezwa kwa masharti, na Mei 5 Rais Samia alikuwa Nairobi akilihutubia Bunge la Kenya kwa Kiswahili. Gazeti ambalo lingekuwa limeandika "yetu" lingelazimika kushuka ngazi mbele za watu. Ambalo lingekuwa limeandika "majirani" lingeendelea na safari.

Vifaranga 6,400 vilivyochomwa moto na maofisa wa Tanzania huko Namanga mwaka 2017 ni somo la namna hiyohiyo, ila hapo kila kitu kilining'inia kwenye neno dogo. "Vifaranga vya Kenya" na "vifaranga kutoka Kenya" si kitu kimoja: la kwanza linasema mali ya nani, la pili linasema njia vilikopita. Mwenye haraka hukimbilia "vya", maana ni fupi.

Si kwamba zamani wasanifu walikuwa wapole. Idi Amin alipotangaza Novemba 1, 1978 kwamba ameitwaa Kagera, Watanzania walimpa jina ambalo halijamtoka hadi leo. Nduli. Herufi tano za hukumu mbele ya herufi nne za jina, zinaingia kwenye safu yoyote. Siwezi kuwalaumu, nchi ilikuwa vitani, na wakati wa vita neno lililopimwa sana hunuka usaliti. Nawalaumu kidogo kwa lile la miaka michache nyuma yake, "manyang'au", walilobandikwa Wakenya na ubepari wao, siku zile Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inakufa. Mpaka ulifungwa Februari 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Neno halikuufunga mpaka, lakini halikusaidia kuufungua.

Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais, alizipitia kazi zote mbili, ya uhariri na ya diplomasia. Alihariri The Nationalist na Uhuru, akahariri Daily News, akawa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari SHIHATA mwaka 1976, na mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Watu huona kama aliruka kutoka kazi moja hadi nyingine. Sioni aliruka nini. Anayejua kuchagua kati ya "yaonya" na "yatishia" saa nne za usiku ana nusu ya mafunzo ya ubalozi.

Uzito wa kazi hii wenye mamlaka wanaujua kuliko wasomaji. Septemba 2013 gazeti la Mtanzania lilifungiwa siku 90, na kilichotajwa zaidi ni vichwa: "Urais wa damu" na "Serikali yanuka damu" vilikuwa miongoni mwake. Mawio lilifungiwa miezi 24 mwaka 2017, wakati wa sakata la makinikia ya madini, baada ya kuweka picha za marais wawili wastaafu ukurasa wa mbele. Hukumu hizo naziona zilizidi kipimo, hasa ya pili. Lakini zinaonyesha pale nguvu ilipo. Na mwaka huohuo wa 2017 waziri wa habari wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni zisome vichwa tu, zisiingie ndani ya habari, ili watu wanunue magazeti. Sijui kama walinunua. Ninachojua ni kwamba kwa msikilizaji wa daladala kichwa kikawa ndiyo habari yenyewe, yote, mwanzo na mwisho.

Katika hali hiyo uvivu wa siku hizi unaudhi. Kila mtu "afunguka". Kila jambo "laibuka" na kila mkutano "watikisa". "Siri nzito", "mazito", "kumekucha": ukiyasoma hujui kama ni Bunge, ni Simba na Yanga au ni ndoa ya msanii. Mitandao imeyachosha zaidi, maana huko kichwa hulipwa kwa kubofywa na hakidaiwi kitu baadaye. "Kutumbua" lilikuwa neno zuri Magufuli alipolileta na majipu yake mwishoni mwa 2015, lenye maumivu na nafuu ndani yake. Likatumbuliwa kila ukurasa hadi likabaki kumaanisha kuhamishwa kituo cha kazi. Wakenya walilitendea haki zaidi neno lao "handisheki" baada ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono Machi 2018. Kwa miaka lilibaki na tukio moja, watu wawili na tarehe moja, na Taifa Leo lilipoliandika hakuna aliyeuliza mkono wa nani.

Wapo bado wanaoifanya kazi hii inavyopaswa. Utawatambua kwa kichwa ambacho, ukimaliza kusoma habari yote, unarudi juu na kukikuta bado ni kweli. Basi kesho ukisimama mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma kama desturi yetu wasomaji wa bure, ruka jina la mkubwa uende moja kwa moja kwenye kitenzi. Jiulize kimemtaja mtendaji au kimemficha, na kimemficha kwa haki au kwa woga. Ukikikuta kilichopimwa sawasawa, toa hela, nunua gazeti.