Kaboni ipi inaua, na ipi inauzwa?

Juzi nilikuwa nyumbani Kabazi, kaunti ya Nakuru, ambako baridi ya Julai humlaza mtu na soksi. Jirani yangu, mzee mkulima asiyekosa taarifa ya habari redioni, akaniuliza: "Profesa, hii kaboni inayoua watu wakilala na jiko, si ndiyo hiyo tunaambiwa tupande miti tulipwe?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kosa si lake, ni letu tunaoandika na kutangaza. Jiko la makaa likiua familia, tunasema "gesi ya kaboni". Tukizungumzia mabadiliko ya tabianchi, tunasema "hewa ya kaboni". Jina lile lile, vitu viwili!

Kaboni yenyewe ni elementi. Makaa ya mzee sehemu kubwa ni kaboni, na hayajamdhuru mtu yakiwa guniani. Yakiungua, kaboni hushikana na oksijeni. Hewa ikiwa tele, atomu moja ya kaboni huungana na mbili za oksijeni. Hiyo ni dioksidi ya kaboni, ambayo miti huifyonza. Chumba kikifungwa, oksijeni hupungua, na kaboni nyingine huambulia atomu moja tu. Hiyo ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu, hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, mwili ukakosa oksijeni mtu angali usingizini.

Kwa hivyo "mono" na "di" si madoido ya wasomi. Ni hesabu, moja na mbili, na anayeikata hesabu hiyo anamnyima msikilizaji onyo.

Wapo watakaodai Kiswahili hakina istilahi. Mbona TUKI, Dar es Salaam, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990? Tatizo ni kwamba shule zetu za upili hufunza kemia kwa Kiingereza, kisha mwanahabari akigeukia Kiswahili anabaki na nusu ya jina. Nami napendelea "monoksidi ya kaboni" kuliko "kaboni monoksaidi", kwani Kiswahili hutanguliza kitu, kisha hueleza ni cha nini: maji ya mto, unga wa mahindi.

Nilimjibu mzee: "Ya miti ina oksijeni mbili. Ya jiko ina moja, na hiyo ndiyo inayoua."

"Sasa si mngesema hivyo tangu zamani?" akaniambia.

Usiku huo jiko lake lililala nje.