Beti Zilizotawanyika: Kusoma Upya Kaburi la Horemheb

Mhariri wa utenzi wa kale uliomfikia katika karatasi zilizochanika hukabiliwa na maswali matatu: beti zipi ni za mtunzi, zipi zilitiwa na mkono wa baadaye, na mahali palipopotea pafanywe nini. Maswali hayo hayo humkabili anayekarabati kaburi la mkubwa wa dola katika Misri ya kale, kwani kuta za makaburi hayo zilichongwa ili zisomwe. Kaburi la Horemheb huko Saqqara, kusini mwa Cairo, ni mizani nzuri ya kuipimia kazi hiyo.

Horemheb alikuwa jemadari mkuu na naibu wa mfalme katika zama za Tutankhamun, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Akiwa na cheo hicho alijijengea kaburi lenye sura ya hekalu: lango kuu, nyua zenye nguzo, na vyumba vya ibada. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, zikavishwa mabamba ya mawe ya chokaa yaliyotiwa nakshi. Baadaye alitawazwa kuwa mfalme, akachongewa kaburi jingine katika Bonde la Wafalme, nalo lilifunuliwa mwaka 1908. Lile la Saqqara likabaki bila ya mwenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mabamba mengi yalibanduliwa na kuuzwa Ulaya. Baadhi yalifika Leiden, mengine Bologna, London, Berlin na kwingineko. Mchanga ukafunika kilichosalia, na mahali penyewe pakasahaulika. Mwezi wa Januari 1975 msafara wa pamoja wa Egypt Exploration Society ya Uingereza na Jumba la Makumbusho la Leiden, chini ya uongozi wa Geoffrey Martin, ulikuwa ukilitafuta kaburi la Maya, mweka hazina wa Tutankhamun, kwa kufuata ramani ya msafara wa Lepsius wa mwaka 1843. Waliyemkuta ni Horemheb. Maya alisubiri hadi 1986.

Baada ya uchimbaji, kuta zilijengwa upya, na pale ambapo bamba la asili lilijulikana kuwapo katika jumba fulani la makumbusho, nakala yake ya plasta iliwekwa mahali pake. Wapo watakaouona uamuzi huu kuwa ni wa kujionyesha tu. Lakini faida yake hudhihirika mtu anapoisoma ile nakshi mashuhuri ya wajumbe wa kigeni, ambayo asili yake imo Leiden. Wajumbe wameanguka chini wakisihi, wengine kifudifudi, wengine chali. Mbele yao yupo mkalimani aliyechongwa mara mbili: mara moja amewaelekea wao, mara ya pili amemwelekea Horemheb. Jemadari naye amechongwa mara mbili: anamsikiliza mkalimani, kisha anamgeukia mfalme na malkia.

Bamba likitazamwa peke yake katika ukumbi wa makumbusho, mtazamaji huona ufundi wa patasi na kupita. Likirejeshwa katika mfuatano wa ukuta wake, huona safari ya neno: kutoka kinywani mwa mnyonge hadi sikioni mwa mtawala, likipita katika vinywa viwili njiani. Hapo ndipo maana ilipo. Ubeti uliong'olewa katika utenzi waweza kubaki na vina na mizani yake yote, na bado usijulikane unamjibu nani. Sifa kubwa ya ukarabati huu ni kuwa umeurudisha mfuatano.

Ama kuhusu mkono wa baadaye, kaburi hili lina ushahidi wa ajabu. Horemheb alipokuwa mfalme, mafundi walirudi Saqqara wakamwongezea katika paji la uso yule fira ambaye ni alama ya ufalme. Hawakubadilisha mavazi wala matendo. Jemadari anaendelea kumtumikia bwana wake huku amevaa alama ya bwana. Mhariri mwenye pupa angelisema fira si wa matini ya asili na aondolewe. Waliokarabati walimwacha, na walifanya vyema, kwa sababu masahihisho aliyoyafanya mwenye kazi ni sehemu ya kazi yenyewe. Fira huyo mdogo anasimulia historia ya dola ambayo nakshi za awali zisingeweza kuijua.

Hata hivyo, nakala ina hatari zake. Plasta iliyokaa vizuri ukutani hufunika jeraha. Mgeni anayepita kwa haraka aweza kuondoka akidhani kuta ziko salama, na wenye mabamba ng'ambo waweza kuifanya nakala kuwa jibu la kila dai la kurejeshewa asili. Anayesimama Saqqara anapata mpangilio bila ya jiwe; anayesimama Leiden anapata jiwe bila ya mpangilio. Plasta imerudisha maana, lakini haijarudisha mali. Kwa hiyo nakala yapasa itambulikane kuwa ni nakala, na pasipojulikana kilichokuwapo pabaki wazi. Mhariri anayeziba pengo kwa ubeti wa kubuni, hata ukiwa mtamu, amemdhulumu mtunzi na msomaji kwa pamoja.

Jambo la mwisho ni la haki. Kaburi lilichongwa ili jina la Horemheb lisife, na halikufa. Lakini wachongaji waliwapa mateka na wajumbe wa kigeni nyuso zenye uhai mkubwa kuliko uso wa jemadari: mashavu yaliyobonyea, vipaji vyenye makunyanzi, vinywa vilivyo wazi. Hakuna jina la mmoja wao, wala la mchongaji. Ukarabati unaostahiki sifa ni ule unaomwezesha msomaji kuziona nyuso hizo mahali pake, zikiwa bado zinasubiri mkalimani amalize kusema.