Mikono ya Kuazima

Figo ya marehemu hakuna mfiwa aliyewahi kuiona. Mkono ni jambo jingine: huo ndio uliobembeleza watoto na kushikwa na wauguzi hadi dakika ya mwisho. Kwa hiyo Marekani mtu aliyejiandikisha kuchangia viungo hahesabiwi kuwa ameitoa mikono wala uso. Ndugu huombwa ruhusa ya peke yake.

Mratibu anayekwenda kuomba hana haraka. Anakaa nao, anaeleza, ananyamaza. Akiulizwa maiti itazikwaje, na swali hilo lazima lije, anajibu kwamba itavishwa mikono bandia. Kule Amiens, Ufaransa, mwaka 2005, sehemu ya uso ilipopandikizwa kwa mara ya kwanza, aliyeitoa alitengenezewa uso wa silikoni. Fundi aliyeuchanganyia rangi huo hasemwi sana, nami naona ni haki asemwe.

Mwaka 2017, huko Kochi, India, wazazi wa kijana aliyekufa kwa ajali ya pikipiki walikubali mikono yake itolewe. Aliyepokea alikuwa msichana mwanafunzi, aliyekatwa mikono yote miwili baada ya ajali ya basi. Upasuaji ulichukua saa 13.

Kazi yenyewe ina utaratibu wa useremala na ushonaji kwa pamoja. Mfupa huungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Kisha mishipa ya damu, chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mshono mmoja ukikaa upande, damu inaganda. Kibanio cha mshipa kinapoachiwa, vidole vilivyokuwa baridi, rangi ya nta, vinaanza kupata joto, na chumba kizima kinavitazama.

Neva ndiyo humfunza daktari adabu. Anaweza kushona ala yake tu. Nyuzi za ndani zinajiotea zenyewe, kama milimita moja kwa siku. Toka juu ya kiwiko mpaka ncha ya kidole ni safari ya zaidi ya mwaka, ya mazoezi kila siku, na dawa za kuzuia mwili usiukatae mkono hazina likizo.

Mikono ile ya Kochi ilikuwa mipana, myeusi kuliko msichana, yenye malaika tele. Miaka ilivyopita ikakonda, ikang'aa, ikaelekea rangi ya mwenyewe. Mtihani wa chuo akauandika nayo.