Ku falanga zetu, mutu anaishia ku 500

Wandugu, maonyesho makubwa ya picha mu Kongo hayako ku Muze ya Taifa ya Kinshasa, ile ilifunguliwa 2019, wala ku muze yetu ya Lubumbashi. Yako mu mufuko wako. Toa noti zote uko nazo, hata ile imeunganishwa na skoche, zipange juu ya meza kuanzia ndogo mupaka kubwa, kisha ziangalie kama vile unaangalia kazi ya fundi. Kuko watu wengi ambao hawataingia mu muze maisha yao yote. Lakini nani hajashika okapi ya 1000?

Ninaandika hii juu ya ulizo moja ambalo linarudiaka mu mazungumuzo yetu ya walisansie: unapenda nini mu inchi yako? Majibu mi nayajua kwa kichwa. Kobalti, koltani, Inga, Virunga, okapi. Hayo si majibu mabaya, lakini angalia noti zako: Inga iko ku mugongo wa 100, okapi ku 1000, almasi ku 500. Tunaulizwa mapendo, tunasoma noti. Na kama noti njo mwalimu wetu wa kupenda inchi, basi mwalimu naye anapashwa kukosolewa.

Nianze na kile walifanya muzuri. Wazazi wetu walikuwa wanabeba sura ya Mobutu kila siku, na chui pembeni yake, hata kama ni kwa kununua chumvi. Wakati falanga ya Kongo ilirudi tarehe 30 Juni 1998, moja yake kwa nouveaux zaïres 100,000, wachoraji waliondoa uso wa shefu. Mi naona ile ni heshima kubwa. Okapi haiombi kura. Inapatikana paka kwetu, hakuna inchi ingine iko nayo mu pori yake, na mutu wa Kindu na wa Kasumbalesa wanaweza kuipenda pamoja bila kugombana. Hata uchoraji wenyewe haiko mbaya: sura ya Mwana Pwo ya Watshokwe ku 50 inakuangalia na macho ya kufunga nusu, na kama noti ingali mupya, unaona kila mustari.

Sasa panda na bei. Ku 50, mugongoni, kuko kijiji cha wavuvi. Ku 100, tembo na ile barrage. Ku 200, walimaji wako kazini mu shamba, na nyuma yao wapiga ngoma. Ku 500, wachimbaji wa almasi. Na pale watu wanaisha. Kuanzia 1000 mupaka 20,000 hautaona tena mutu mwenye kupumua. Ku 5000 kuko sanamu ya Wahemba na punda milia. Ku 10,000, nyati. Ku 20,000, noti ya juu kabisa, twiga. Mutu akifika ku bei kubwa anakuwa wa muti, amechongwa, hajasho, haulizi mushahara.

Na twiga, wandugu! Mi niko mutoto wa hapa, nimesoma mambo ya mimea na nyama miaka mitano, na twiga wa Kongo simujui paka kwa karatasi. Wako mu Garamba, kule kaskazini, makumi tu wanabakia. Nafurahi wako, na nawaheshimu wale wanawalinda na maisha yao. Lakini noti ile tunahesabia minerval na bei ya nyumba imechagua, mu inchi hii nzima, kiumbe ambacho karibu hakuna mwenye noti amekiona.

Mutu atasema: tulia, ni mapambo tu. Haya, tufuate mapambo mu historia. Mu ile serie ya kwanza kulikuwa hata noti za santimu. Ku santimu 1, ndogo kuliko zote, kulikuwa mwanamuke anavuna kahawa, na nyuma yake volkano ya Nyiragongo. Kwangu mi njo picha muzuri kuliko zote walifanya: udongo wa moto wa Kivu na mukono ule unafaidika nao, upande kwa upande. Sasa fanya hesabu. Dola moja inapita falanga 2000. Ungehitaji zaidi ya wamama 200,000 wa kahawa kwa kupata dola moja. Ku falanga 1 walitia makarakara ya Gécamines mbele, na nyuma Lumumba na wenzake siku za kukamatwa kwao. Lumumba, mwenye aliuawa hapa karibu na muji wetu tarehe 17 Januari 1961, alipewa falanga moja, na ile falanga haiuzi leo hata njiti ya kiberiti. Ku 5 kulikuwa kifaru mweupe. Noti ilikufa, na kifaru wa Garamba naye akaisha. Mu 2023 walileta wengine 16 kutoka Afrika ya Kusini. Kifaru alirudishwa. Mama wa kahawa, bado.

Sizani kuna mutu alikaa mu ofisi na kupanga vile. Wachoraji walitia watu chini, ku noti za kila siku, labda hata kwa mapendo, juu noti ndogo njo inapita mu mikono ya wengi. Lakini bei ya vitu ilipanda, na kupanda kwa bei kunakulaka kuanzia chini. Kwanza ilikula kahawa, kisha Lumumba, kisha samba. Mu masoko mengi ya hapa 50 unaikuta paka ku michezo ya watoto. 100 ingali inanunua bonbo. Kisha itafika zamu ya 200, na siku ile mulimaji atatoka mu mifuko yetu. Atabakia mutu mumoja tu mu noti zetu: ule anachimba.

Pale njo moyo unaniuma kama mutu wa agronomia. Mu promosio yetu wengi hawagusi tena shamba. Wako ba-magazinie ku mine, wengine wanaendesha kamio ya mawe barabara ya Kolwezi, na siwalaumu, mwezi uko na mwisho na mutoto anakula. Lakini hii Haut-Katanga ya kobalti inakula bukari ya unga wa Zambia. Wakati wazambia wanafunga mupaka kwa mahindi yao, bei ya mufuko inapanda ku Kenya, ku Katuba, ku Kampemba, na mama anapunguza mukono mu sufuria. Udongo uko, mvua iko kuanzia Novemba, maji ya Lufira iko. Inchi ambayo inajifunza kupenda paka kile kiko chini ya udongo na kile kinakimbia mu paki, juu ya udongo inamuachia nani?

Basi tuseme bangi kuu wananiita kesho. Mi sitaanza na mawe.

Nitatia munkoyo. Kila mutu hapa anaikunywa, wachache wanajua ni akili ya namna gani. Unapika uji wa mahindi, uzito kabisa. Unachukua muzizi ule wamama wanachimba mu pori, unauponda, unautia mu uji ukiisha kupoa kidogo. Masaa machache tu, uji unakuwa maji maji na utamu unaingia, bila hata kijiko cha sukari. Ku fakilte tulifundishwa jina: amilase, ambayo inavunja wanga ya mahindi kuwa sukari. Profesere alichora ubaoni saa nzima. Wakoko wetu walikuwa wanaifanya mu sufuria, wakiongea mambo ingine, na kesho yake wanapokea wageni.

Nitatia sombe, lakini si sahani. Nitatia kinu na muchi. Jani la muhogo lina sumu ndani yake, ya jamaa ya sianidi, na ule anaponda na kupika murefu anaiondoa. Ile sauti ya kinu saa kumi ya mangaribi, kwenye parsele ya jirani, ni sauti ya mutu anasafisha chakula. Hata mutoto mudogo anajua kwamba sombe ya haraka haikuliwake.

Na kichuguu. Hii nitaitia kwa 20,000, pahali pa twiga, twiga anisamehe. Mutu akitoka Lubumbashi kwa njia ya Kipushi ao ya Likasi, anaona vile vilima vyekundu mu mashamba, vingine vinapita nyumba kwa urefu. Vidudu vidogo vilivijenga, na kuna vyenye umri wa karne nyingi. Udongo wake uko na ufinyanzi na madini ya kulisha mimea kupita udongo wa pembeni. Papa mujenzi anaukata, anachoma matofali. Mama anapanda mboga juu yake. Mwenye mimba anaonja kidogo. Nusu ya muji huu imejengwa na kazi ya muchwa, na hakuna mwenye kuiimba.

Rafiki mumoja, mwenye alisoma haki, aliniambia: "Ukitia mama na kinu, bantu bataulizia ni mama wa kabila gani. Nyama haina kabila, njo maana benye akili banachaguaka nyama." Ni neno la mutu mwenye kufikiri, na mu inchi yetu si neno la kucheka. Lakini angalia tena meza yako. Sura ya 50 ni ya Watshokwe, jina linajulikana. Sanamu ya 5000 ni ya Wahemba. Hatukupigana juu yao. Na walimaji wa 200, tuko nao tangu miaka makumi mbili na zaidi: nani alikwisha kuuliza kabila yao? Mi sijasikia hata mumoja. Mutu mwenye kuinama mu shamba, kila Mukongomani anajua mugongo ule, ni wa mama yake.

Kama kuna kosa ningesema wazi kwa wachoraji wa noti ijayo, ni hili: wasifikiri kitu cha kila siku ni kidogo juu kiko kila siku. 200 ilionyesha inawezekana, kisha hakuna mwenye aliifuata. Ninaitunza moja mupya mu kitabu changu cha udongo, na ile ya kutumia ninaikunja nusu, si pa shamba.

Mi nimesema munkoyo, kinu na kichuguu. Wale wa Bukavu, wa Goma, wa Kalemie, wa Kisangani, mutie yenu hapa chini, na museme iko ku noti ya ngapi. Kobalti tunaijua.