Pepo za Msimu na Zama za Ukavu

Mfasiri anayeshughulikia tabianchi ya kale hukutana mapema na maneno mawili yaliyo tayari mkononi: monsuni na ukame mkubwa. Tunaona yote mawili yana kasoro, na tumeyapima kwa utafiti wa mashapo ya Ziwa Nyasa.

Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa hilo, takriban mkabala na Mbamba Bay, iliyokuwa wakati huo katika Wilaya ya Mbinga (Wilaya ya Nyasa ilianzishwa mwaka 2012). Chini ya maji ya kina cha mita 590 hivi walitoa mashapo ya urefu wa mita 380, yaliyotuama kwa zaidi ya miaka milioni moja. Mwenye kufasiri haraka atakiita kitu hicho kiini. Kiini ni cha yai. Hiki ni mche, kama mche wa sabuni, na shule zetu za msingi zimekwisha kuwa na mche duara. Basi na tuseme mche wa mashapo, tuendelee.

Mche husomwa kwa tabaka. Tabaka jeupe hujaa magamba ya diatomu, mwani mdogo unaostawi pepo za kiangazi zinapokoroga maji na kupandisha rutuba. Tabaka jeusi ni udongo ulioletwa na mito wakati wa mvua. Hapo ndipo monsuni huingia. Neno hilo lilitoka kwa Waarabu, likapita kwa Wareno, likatufikia kupitia Kiingereza kama mgeni, ilhali ndugu yake wa shina moja, msimu, yumo nyumbani siku zote. Pepo za msimu yatosha. Kusi na kaskazi ni majina ya mabaharia wa pwani, na wavuvi wa Ziwa Nyasa huuita upepo wa kusini mwera. Majina hayo yabaki kwa pepo zenyewe, yasibebeshwe mfumo mzima.

Ukame mkubwa una hatari zaidi. Mche unaonyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ziwa hili, ambalo leo lina kina cha mita 700 hivi, lilishuka kwa zaidi ya mita 500, na hali hiyo ilidumu maelfu ya miaka. Ofisa wa Mbinga akisoma ukame mkubwa atafikiria kahawa iliyonyauka na maombi ya chakula cha msaada. Ukame una mwanzo na mwisho ambao mzee mmoja aweza kuusimulia. Ule haukuwa nao. Tunapendekeza zama za ukavu, kwa mfano wa zama za mawe, ili anayepanga matumizi ya maji ajue kwamba habari hii haimhusu mkulima wa mwakani.

Hali ya hewa ya kale nayo tungeifuta. Hali ya hewa hutangazwa redioni kwa ajili ya kesho; kilichomo topeni ni tabianchi. Mche hauwezi kutuambia kama Jumanne fulani mvua ilinyesha Liuli.