Majina ya Sikukuu za Kanisa na Lugha ya Sala Zake: Uhakiki wa Istilahi

Katika kazi ya kusanifu istilahi za Kiswahili tumezoea kuelekeza macho kwenye sayansi, sheria, uchumi na utawala. Haki ya fani hizo haikanushiki. Walakini ipo fani nyingine ambayo istilahi zake hutamkwa na watu wengi mno, tena kwa moyo na bila kitabu, mwaka nenda mwaka rudi: nayo ni sala za Wakristo katika siku maalumu za mwaka wa Kanisa. Istilahi ya kemia ikikosewa, mwalimu huisahihisha ubaoni. Sala ikikosewa huhifadhiwa pamoja na kosa lake, na mtoto anayeirithi huamini kwamba hicho ndicho Kiswahili cha kumwendea Mungu.

Makala haya yanakusudia kuzipima baadhi ya istilahi hizo kwa kipimo cha lugha. Si kusudi letu kuamua baina ya madhehebu, wala kugusa mafundisho yao. Dai letu ni moja: istilahi zilizofaulu ni zile ambazo mtafsiri aliliachia umbo la neno la Kiswahili libebe maana ya siku, zilizodhoofu ni zile ambazo alilifuata neno la lugha ngeni hatua kwa hatua, na maana ikabaki nyuma.

Yafaa kwanza tukumbuke sababu ya wingi wa majina. Sala za Kianglikana ziliingia katika Kiswahili mapema: mwaka 1854 zilichapwa sala za asubuhi na jioni alizozitafsiri J. L. Krapf aliyefanya kazi Mombasa, na baadaye Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, aliendeleza kazi ya tafsiri huko Unguja. Kwa Wakatoliki, ingawa katekisimu na sala za nyumbani zilikuwa katika lugha za watu, Misa yenyewe iliendelea kusaliwa kwa Kilatini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa hati ya tarehe 4 Desemba 1963. Kwa hiyo vitabu vya upande mmoja vina harufu ya Kilatini, na vya upande mwingine vina harufu ya Kiingereza. Siku ni zile zile; njia zilizoleta majina ni mbalimbali.

Hesabu ya siku

Tatizo la kwanza li katika siku za juma zenyewe. Kiswahili huhesabu kuanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, hadi Jumatano, ya tano. Kisha huingia Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya tano pia, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku ya pili yetu. Juma letu, basi, lina siku za tano mbili. Jambo hili halimsumbui mtu sokoni. Lakini Injili husema kwamba Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, na Mkristo huadhimisha ufufuko huo Jumapili. Mwanafunzi anayejua kuchambua maneno atauliza: ya kwanza imekuwaje ya pili? Na Sabato, ambayo ni siku ya saba, imekuwaje mosi?

Wafasiri wa Biblia hawakubadili hesabu ya Maandiko, na walifanya vyema. Wakatoliki, kwa upande wao, hutumia jina Dominika, yaani siku ya Bwana. Wapo wanaolilaumu neno hili kuwa ni Kilatini kitupu kilichovikwa kanzu ya Kiswahili. Lawama hiyo ina haki kiasi. Hata hivyo, katika sala neno hilo hufanya kazi ambayo Jumapili haiwezi: huitaja siku bila kuihesabu. Katika tangazo la serikali, Jumapili inatosha; katika kitabu cha sala, Dominika haina kosa la kujibu.

Lililo zito zaidi ni suala la usiku. Kwa mzee wa pwani, usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Jumatatu ni ule unaoanza Jumapili jua likichwa. Aliyelelewa na saa ya ofisini huelewa kinyume. Hebu tufikirie ombi la kibali cha kukusanyika “usiku wa Jumapili ya Pasaka”. Mwandishi amekusudia usiku mmoja, na karani amesoma mwingine. Ndiyo maana watangazaji wamejizoeza kusema “usiku wa kuamkia Jumapili”, kauli iliyo safi isiyo na shaka. La kupendeza ni kwamba Kanisa nalo huanza sikukuu zake kubwa jioni ya siku iliyotangulia. Hesabu ya Mswahili wa kale na hesabu ya Kanisa zinakubaliana. Kinachozitenganisha ni usiku wa manane wa kalenda ya ofisi.

Hapo ndipo neno mkesha lilipoonyesha ubora wake. Limetoka katika kitenzi kesha, kukaa macho usiku, na kwa neno moja linataja wakati na tendo. Mkesha wa Pasaka ni usiku, na pia ni kazi ya usiku huo. Tahadhari yetu ni moja: siku hizi ibada ya saa kumi na mbili jioni, ambayo watu wakiimaliza hurudi nyumbani wakalala, nayo huitwa mkesha. Matumizi haya yamekwisha kuenea na hayatazuilika. Lakini mfasiri anayeandika sala inayowasifu watu kwa kukesha, na hali wanakwenda kulala, ajue kwamba anawasingizia.

Vitenzi vilivyobeba maana

Tutazame sasa istilahi zilizofaulu. Majilio, kipindi cha Dominika nne kabla ya Krismasi, limetokana na jilia, kauli ya kutendea ya kitenzi ja. Mfasiri angeweza kuandika Ujio, nalo lingeeleweka. Lakini ujio humtaja anayekuja peke yake, ilhali majilio huwataja kimyakimya na wanaojiliwa. Anayejiliwa ana wajibu wa kufagia uwanja. Viambishi vya Kiswahili vimesema hapa jambo ambalo neno la Kilatini halikulisema.

Mfano wa pili ni bora zaidi. Siku ya arobaini ya Pasaka huitwa Kupaa Bwana. Na tarehe 15 Agosti Wakatoliki huadhimisha Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, fundisho lililotangazwa rasmi na Papa Pius wa Kumi na Mbili mwaka 1950. Paa ni kutenda. Paliza ni kufanya kitu kipae. Palizwa ni kupaishwa na mwingine. Sauti ya l iliyojificha katika paa hujitokeza kama inavyojitokeza katika kaa na kalisha, au zaa na zalisha. Bwana alipaa kwa uwezo wake. Maria alipalizwa kwa uwezo usio wake. Tofauti ambayo waalimu wa dini huieleza kwa kurasa nyingi imo katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Ni kweli kwamba kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, humtaja Bwana naye kwa kauli ya kutendwa, kwamba aliinuliwa. Lakini Kanuni ya Imani humtaja kwa kauli ya kutenda, na jina la sikukuu likafuata Kanuni. Wapo wanaocheka kwamba kupalizwa hukumbusha palizi la shambani. Kicheko hicho hakina madhara: hakuna aliyepata kusikia mahindi yakipalizwa mbinguni.

Mkingiwa Dhambi ya Asili, jina la tarehe 8 Desemba, ni la aina hiyo hiyo. Mtu hukinga mvua, humkingia mwenziwe mvua, mwenziwe hukingiwa. Mkingiwa, basi, ni yule ambaye dhambi ilizuiwa isimfikie. Jina la Kilatini hutaja kutungwa mimba bila doa, na katika nchi nyingi watu hudhani linahusu mimba ya Yesu. Msemaji wa Kiswahili hawezi kupotea hivyo, kwa kuwa mkingiwa ni Maria mwenyewe. Kilichopotea ni wakati: jina halisemi kwamba alikingiwa tangu kutungwa kwake. Hilo sala ya siku hiyo haina budi kulitaja.

Tuongeze kituo. Katika Njia ya Msalaba, ibada inayopendwa sana siku za Ijumaa katika Kwaresima, viko vituo kumi na vinne. Kijana husikia kituo cha mabasi. Lakini kituo ni mahali pa kutua, na mchukuzi ndiye anayetua mzigo. Kwa ibada ya kumfuata Mtu aliyebeba mti mabegani, lugha isingaliweza kutoa neno lililo karibu zaidi.

Maneno ya kukopa na maneno ya kufasiri

Si kila neno la kukopa ni udhaifu. Kwaresima limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya arobaini. Kwa utaratibu wetu wa kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, mtu angeuliza kwa nini kipindi hiki kisiitwe Arobaini. Jibu ni kwamba nafasi ilikwisha kukaliwa: arobaini ni ya mzazi anayetoka ndani, ni ya kumbukumbu ya marehemu, na siku za mwizi nazo ni arobaini. Neno geni lilikopwa kwa sababu neno letu lina kazi nyingine. Hapa mkopo ni busara.

Ijumaa Kuu nayo ni ushindi wa kufasiri maana badala ya neno. Kiingereza huiita siku hii njema. Aliyekataa kuandika Ijumaa Njema alituokoa na fumbo ambalo kila mwaka lingehitaji mahubiri yake. Kuu halisemi kama siku ni ya furaha au ya msiba. Husema tu kwamba hakuna Ijumaa iliyo kama hiyo.

Kuhusu Matawi na Mitende, mzozo ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Yohana peke yake ndiye anayetaja mitende, katika sura ya 12. Mathayo na Marko hutaja matawi tu. Kila jina lina Injili yake. Muumini wa bara anayeshika ukindu au kuti la mnazi hasemi uongo akiliita tawi. Lakini asiliite mtende.

Tokeo la Bwana, sikukuu ya tarehe 6 Januari, ni dhaifu kidogo. Wingi wake, matokeo, umekwisha kutekwa na mitihani, na aghalabu matokeo hayo hutangazwa mwezi huo huo. Tena kutokea ni kuonekana, wala si kufunuliwa kwa mataifa, ambako ndiko kiini cha siku. Wanaosema Epifania wana jina lisiloeleza kitu, ila halipotoshi.

Kosa lililo wazi zaidi tunaliona katika Kipindi cha Kawaida. Kilatini huziita Dominika hizo “za katika mwaka”, na vitabu vinavyosema Dominika ya Mwaka vimefuata chanzo. Wengine wamefuata Kiingereza, ambacho neno lake lina asili moja na neno la kupanga kwa hesabu, wakalipata kawaida. Mwenye kusikia huelewa kwamba ni siku zisizo na maana. Tunapendekeza Dominika ya Mwaka ishikwe kila mahali.

Sentensi ya sala

Jina zuri haliponyi sala mbaya. Sala fupi ya siku, iitwayo koleta, ina umbo maalumu: humwita Mungu, hutaja tendo lake, huomba jambo moja, hutaja kusudi, kisha hufunga. Ugumu uko katika kutaja tendo. Tutoe mfano wa kubuni kwa Jumatano ya Majivu:

“Ee Mungu, ambaye ni mwenye huruma na ambaye hapendi mwenye dhambi afe, tunaomba kwamba uweze kutusaidia sisi ili tuweze kuanza mfungo huu.”

Makosa ni matatu. Aitwaye ni nafsi ya pili, na kitenzi kimemgeuza kuwa nafsi ya tatu, kana kwamba anasengenywa mbele yake. Amba- limerudiwa pasipo haja. Na kuweza limeingizwa mara mbili kutoka lugha nyingine, hata tunamwomba Mwenyezi apate uwezo. Sala hiyo hiyo yaweza kusemwa hivi:

“Ee Mungu mwenye huruma, usiyependa mwenye dhambi afe, utusaidie tuanze mfungo huu kwa moyo mmoja.”

Urejeshi mfupi, usiyependa, umerudisha uso kwa uso. Pumzi inatosha. Mwenye kuomba hajikwai.

Neno lililo sala

Tumeacha kwa makusudi tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote. Kiingereza hutaja roho. Lau tungeandika Roho Zote, waumini wengi wangefikiri habari ya pepo. Neno wafu lilikuwapo, nalo ni la kweli, lakini ni kavu. Marehemu lina shina moja na rehema: ni aliyerehemiwa. Mjane anayesema “marehemu mume wangu” amekwisha kumwombea kabla hajafungua kitabu, na jirani yake Mwislamu hulitumia neno hilo hilo kwa matumaini hayo hayo. Yeyote atakayesanifu upya istilahi za siku hiyo na achunge sana asimnyang’anye mjane neno hili kwa sababu ya usawa wa orodha.

Mapendekezo

Kwanza, katika kalenda na nyaraka za umma litumike jina moja kwa kila siku, kama ilivyokwisha kuwa kwa Krismasi, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Na nyakati za usiku ziandikwe kwa kauli ya “kuamkia”. Pili, faharasa ziyaweke majina ya madhehebu bega kwa bega, Noeli na Krismasi, Matawi na Mitende, bila kuliita moja kuwa kosa. Tatu, sala yoyote mpya isomwe kwa sauti mbele ya watu wasioiona karatasi, kabla haijachapwa. Watakapokwama ulimi, hapo ndipo kazi ya mfasiri haijaisha.